Madebe ya Kamati ya Maafa

Hasira yangu na ile kamati haijaisha, na sitaki iishe. Watu huniambia, mwalimu, hayo ni mambo ya mwaka wa Elinino, maji yalikwisha pita, siku hizi pale Kivukoni kuna daraja na madereva wanavuka bila hata kuutazama mto. Nawajibu kwamba mimi sikugombana na mto. Mto ulifanya kazi yake ya siku zote. Walionikasirisha ni watu wazima waliokaa kwenye viti, tena watu wa kwetu, ambao nilikuwa nikiwapa shikamoo kila asubuhi na wao wakiitikia vizuri kabisa.

Niliingizwa kwenye kamati ya maafa kwa sababu nilifundisha shule iliyo mahali pa juu kidogo hapa Ifakara, na madarasa yetu yalipangwa kupokea watu kama maji yangepanda. Mvua ilikuwa imeanza tangu mwaka uliotangulia na haikujua kupumzika. Mwezi wa nne ikaja taarifa kwa redio ya mawasiliano kwamba mito inayoteremka kutoka milimani imefurika yote kwa mpigo, na kwamba maji hayo yatatufikia kabla ya kesho yake kupambazuka. Asubuhi hiyo hiyo tukaitwa kikaoni.

Afisa aliyeongoza kikao alikuwa mgeni. Alikuwa ametoka mkoa wa ukame, mtu nadhifu, mpole, mwenye sauti ya chini. Sina ugomvi mkubwa naye, maana yeye alikuwa hajui. Waliojua walikuwa wamemzunguka mezani wakinywa soda.

Swali lilikuwa moja tu: tutawaambiaje watu kwa siku moja kwamba wahame? Afisa akasema tutumie debe. Kila ofisi ya kijiji ipige debe bila kukoma, mgambo wapige debe kandokando ya mto, na kila atakayesikia achukue watoto wake apande juu. Alisema kwao moto ukiwaka porini wanafanya hivyo, na watu wanatoka mara moja.

Nilidhani nimesikia vibaya. Niliwatazama wenzangu nikingoja mmoja acheke. Hakucheka mtu, basi nikasimama mimi.

"Ndugu mwenyekiti," nilisema, "mpunga umeshatoa masuke. Mwezi huu bondeni madebe yanapigwa kutwa nzima, watu wanaamia ndege wasile mpunga. Debe letu nani atalitambua?"

Afisa alinitazama kwa upole. "Hao wa bondeni ni wa kijiji gani, mwalimu?"

"Ni wa vijiji vyote hivi. Wamehamia mashambani."

"Lakini nyumba zao ziko huku?"

"Ziko huku."

"Basi ni wakazi wa huku. Watapata tahadhari huku kwenye makazi yao." Kisha akawageukia wengine. "Au wenzangu mnaonaje?"

Pale ndipo damu ilipoanza kunichemka, na mpaka leo nikipakumbuka inachemka. Ukimtoa afisa, mle ndani hapakuwa na mtu ambaye hakuwa na mke, mama au dada bondeni siku ile. Kila mmoja alikuwa anakula mchele wa bondeni. Diwani mmoja wa kata za kando ya mto, mtu mzito anayeheshimika, mke wake mdogo alikuwa huko tangu mwezi wa kwanza, dungu lake, kibanda cha shambani, likitazamana na la mama yangu. Yeye ndiye aliyekohoa kidogo na kusema, "Tuende na pendekezo la mwenyekiti. Mwalimu ana wasiwasi wa akina mama." Wengine wakatikisa vichwa kukubali.

Nimeishi muda mrefu nikijiuliza kwa nini. Sehemu moja ni adabu yetu ya ovyo: mkubwa akishatoa wazo mbele ya watu, kumpinga ni kama kumvua nguo. Sehemu ya pili ni mbaya zaidi. Tangu enzi zile za kukusanywa vijijini, viongozi wetu walikuwa wakipeleka juu taarifa kwamba watu wote wanakaa vijijini na bondeni hakuna makazi. Mwaka hadi mwaka taarifa ni hiyo hiyo. Sasa nani angesimama mbele ya mgeni aseme kwamba mke wake analala juu ya nguzo katikati ya maji? Wakaona heri wajitie hamnazo.

Kwa asiyejua niseme mambo yalivyokuwa. Krismasi ikishapita, vijiji vyetu hubaki na wagonjwa, watumishi wa ofisi na mbwa. Wengine wote huvuka mto na kushuka bondeni kulima mpunga na hawarudi mpaka wavune. Wanabeba kuku, kinu, masufuria, rozari na watoto, na mimi darasani nabaki nagombana na madawati. Huko wanakaa kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Kila mwaka maji huingia chini ya dungu, na hakuna anayeshtuka. Unapandisha kuku juu, unaendelea na maisha yako.

Mama yangu alikuwa mjane, aliyeletwa Ifakara akiwa bibi harusi kutoka upande wa Mahenge, na tangu hapo hakukosa msimu hata mmoja. Nyumba yake ilikuwa Kibaoni, jirani na yangu, lakini ukimwuliza anakaa wapi alikuonyesha mto. Kwenye dungu lake alikuwa na debe moja la kupiga kwa mkono, na jingine alilining'iniza mwisho wa shamba na kulifunga kamba ndefu. Ndege wale, kweleakwelea, wakitua, alivuta kamba. Aliweza kuvuta kamba hiyo huku akichambua mboga, akisali rozari na kumsema jirani, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichoharibika isipokuwa labda sala.

Zidisha kelele hizo kwa kila shamba, alfajiri mpaka jua lizame. Hayo ndiyo masikio ambayo kamati iliamua kuyapigia debe.

Kikao kilipoisha sikurudi shuleni. Nilikwenda Kivukoni kwa baiskeli, matope yakinirukia mpaka usoni. Pantoni ilikuwa imefungwa kwa minyororo kwa sababu maji yalishakuwa makali. Mgambo wawili walikuwa ukingoni wakipiga madebe kwa moyo kabisa, na diwani amesimama nyuma yao chini ya mwavuli. Ng'ambo madebe yalikuwa yanalia vilevile, hapa na pale, mpaka mbali usikoweza kuona.

"Unasikia, mwalimu?" diwani akaniambia. "Wanajibu."

Nilimtazama usoni. Alijua. Mmoja wa hao waliokuwa "wanajibu" alikuwa mke wake akifukuza ndege kwenye mpunga wake yeye diwani. Lakini maneno hayo aliyasema vilevile ofisini, na mchana ule taarifa ikapelekwa mkoani kwamba tahadhari imetolewa na wananchi wa ng'ambo wameipokea na kuijibu. Kwa karatasi, mama yangu alikuwa ameshaokoka.

Kulikuwa na Mndamba mmoja wa makamo mwenye mtumbwi, aliyezoea kutuvusha walimu pantoni ikiharibika. Nilimwomba anipeleke. Alitazama maji, akatazama anga, akasema, "Nitakupeleka. Ila madungu yamekaa mbalimbali, mwalimu. Ukipita moja moja, maji yatakukuta hujafika nusu." Tukaingia.

Jinsi tulivyouvuka mto wenyewe sitaki kusimulia, maana muda mwingi nilifumba macho. Tulipoingia kwenye mashamba, maji yalikuwa yametulia kati ya mpunga, yamefika chini kidogo ya masuke, kiasi cha kawaida cha msimu. Kwenye dungu la kwanza alikuwapo mwanamke ninayemfahamu. Nilipaza sauti nikamwambia ahame, maji makubwa yanakuja. Alinipungia mkono kwa furaha, akaendelea kupiga debe lake. Nikapiga kelele zaidi. Akadhani namsaidia kufukuza ndege, akaitikia kwa kelele zake. Wa dungu la pili hata hawakugeuka kututazama. Nilianza kulia kwa hasira, machozi ya kweli, na hakuna aliyeona.

Ndipo nilipokumbuka kwamba bondeni kuna jambo moja tu linalonyamazisha madebe. Ni msiba. Mtu akifiwa kule, ndege na wale. Hata kama kweleakwelea wametua kundi zima na mpunga ndio chakula cha mwaka, unaweka debe chini, unajifunga kanga kiunoni, unaingia majini kwenda kumshika mwenzako. Atakayeendelea kuamia ndege jirani analia, siku yake hatapata wa kumzika. Hilo halina mjadala kwa Mndamba, Mpogoro wala Msukuma aliyekuja juzi na ng'ombe wake.

Kanga niliyokuwa nimejitanda nikajifunga kiunoni. Nikasimama ndani ya mtumbwi, mikono kichwani, nikapiga yowe la msiba.

Kilio cha msiba hakitolewi hivi hivi, lazima umlilie mtu. Mdomo wangu haukungoja nichague. "Mama yangu wee, mama yangu, umeniacha na nani." Mwenye mtumbwi aliacha kupiga kasia akanitazama kwa hofu. Nilimwonyesha kwa kidole aendelee, nami nikaendelea. Nililia kama nilivyowasikia wanawake wakilia tangu utotoni, nikamtaja alivyonilea, nikamtaja alivyonibeba mgongoni tukivuka, na kwa kuwa hofu ya kumkosa ilikuwa imenishika kweli, kilio chenyewe hakikuwa cha kuigiza.

Debe la karibu likanyamaza. Kisha la pili. Kisha nikawa nasikia yakikatika moja moja, kwenda mbali, mpaka bonde zima likawa kimya. Na katika ukimya huo tukausikia mto. Ulikuwa unanguruma huko juu, sauti nzito isiyokatika. Nadhani ulikuwa ukinguruma tangu asubuhi, ila kwa madebe yale nani angeusikia? Madebe ya kamati yalikuwa yameongeza kelele tu.

Watu walianza kuja kupitia majini, wanawake wamejifunga kanga, wanaume wameshika kofia mkononi. Hawakuja kwangu. Walinifahamu ni mtoto wa nani, na walisikia namlilia nani, kwa hiyo wakaenda moja kwa moja kwenye dungu la mama kuushika msiba. Wa kwanza kufika alikuwa mke mdogo wa diwani, tayari anabubujikwa machozi. Wakamkuta marehemu amesimama kwenye ngazi, kamba ya debe mkononi, anauliza kulikoni.

Mtumbwi wetu ulipofika, mama alikuwa ameshaelewa kwamba aliyeliliwa ni yeye.

"Nani kakwambia nimekufa?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Maji makubwa yanakuja. Lazima mtoke sasa."

"Si ungesema maji."

"Nimesema. Hamkusikia."

"Umenililia ningali hai, mwanangu. Mbele za watu." Alizungumza polepole. "Huo ni uchuro. Sijui utaufuta na nini."

Watu walinung'unika. Mwanamume mmoja alisema kuna watu wamesoma mpaka wamechanganyikiwa. Mimi nilibaki nimesimama na kanga yangu ya msiba, sauti imenikauka, na kama wangeamua kurudi kwenye ndege wao nisingekuwa na la kufanya. Mke wa diwani ndiye aliyewageuza. Alikuwa amefuta machozi, amegeuzia sikio upande wa juu wa mto. "Hebu sikilizeni," alisema. Wakasikiliza. Hakuna aliyeuliza tena.

Kwa kuwa wote walikuwa wameshakusanyika mahali pamoja, waliondoka pamoja. Watoto na vikongwe waliingia kwenye mitumbwi, wengine wakashikana mikono wakafuata njia ya kupanda kwenye barabara ya Mahenge, maji yakiwafika kiunoni. Mama alikataa mtumbwi. Alitembea mbele yangu, kuku wawili kwapani, na njia nzima hakunisemesha. Jioni, tukiwa juu barabarani, tuliyaona madungu yakiondoka na nguzo zake. Lake sikuweza kulitambua kati ya mengine.

Sauti ya mtu mmoja ina mwisho wake. Watu wa madungu ya mbali zaidi, kule ambako kilio changu hakikufika, waliendelea kupiga madebe mpaka maji yakawafikia. Walikufa watu. Sitasema wangapi, kwa sababu ofisini hawakuhesabiwa kuwa watu wa mafuriko. Vijijini kwao maji hayakufika, nyumba zao zilisimama, kwa hiyo ikaelezwa kwamba walifariki wakiwa safarini. Safari ya kwenda wapi, hakuna aliyesema. Na unga wa msaada ulipoletwa, ulitolewa kwa walioangukiwa na nyumba. Mama alipanga foleni pale akiwa amepoteza mpunga wote na kila alichokuwa nacho bondeni. Kijana wa ofisini akamwambia kwa heshima zote, "Nyumba yako ya Kibaoni ni nzima, mama. Mshukuru Mungu." Mama alimshukuru Mungu, akarudi nyumbani na mfuko mtupu.

Maji yalipoondoka tukaitwa kikao cha tathmini. Soda zikaletwa tena. Afisa alitupongeza. Alisema utaratibu wa madebe umefanya kazi vizuri sana hasa ng'ambo, ambako watu wengi walitoka kwa wakati na kwa umoja wa kupigiwa mfano. Makofi yakapigwa.

Nilisimama nikaeleza yote. Nilieleza ndege, kamba za madebe, kilio, na watu waliokuja kuzika wakakuta hakuna maiti, wa kwanza wao mke wa diwani. Sauti yangu ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa kwenye kikao, najua. Nilipomaliza, afisa alikuwa amekunja uso, na nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anaanza kuelewa amewekwa wapi. Akamgeukia diwani. "Mheshimiwa, wewe una familia kule. Walitokaje?"

Diwani alizungusha chupa yake ya soda mezani. Mke wake alikuwa amemsimulia, hilo nilikuwa na hakika nalo. Ifakara nzima ilikuwa imesimuliwa. Angeweza kusema ukweli bila kupoteza chochote.

"Mke wangu alisikia debe," alisema.

Afisa akashusha pumzi, nadhani ya nafuu. Akaniuliza kwa upole wake uleule kama kilio cha msiba kinaweza kuingizwa kwenye utaratibu wa serikali. Watu wakacheka kidogo. Ikapitishwa kwamba kata zinunue madebe mapya na kuyagawa kwa wananchi, hasa wenye mashamba ng'ambo, ili mwaka unaofuata tahadhari isambae haraka zaidi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata mama alianza kufunga mizigo. Nilikwenda kwake nikamwambia asiende, angoje mwaka mmoja tu. Aliniuliza atakula nini, ule unga? Kisha nikamwambia basi, anisikilize, nikimlilia tena kama mwaka jana atoke haraka bila kuuliza.

Aliacha kufunga kuku akaniangalia. Siku hizo alikuwa ameshanisamehe, au tuseme alikuwa anazungumza nami.

"Usilie tena," alisema. "Mwaka jana walikuja kwa sababu kule hakuna aliyewahi kudanganya msiba. Sasa wanajua yupo. Ukilia, watasema ni yule mwalimu, wataendelea na ndege wao. Hata mtu akifa kweli, sasa watauliza kwanza."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitajua sijafa."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Kitu pekee ambacho watu wale walikuwa nacho cha kuitana wakati wa shida, nilikuwa nimekitumia kufunika makosa ya watu waliokaa kwenye viti. Hakikuwa changu cha kutumia, na hakuna ofisi ambayo ingewarudishia. Alipomaliza na kuku, alichukua debe jipya aliloletewa na kata, akaligonga kwa kidole, akaliweka juu ya mzigo. Lina sauti nzuri, alisema, ndege wataliogopa.

Nilimsindikiza mpaka Kivukoni. Pantoni ilikuwa imejaa wanawake na watoto, kila mwanamke na debe lake la kamati. Wakavuka. Nilibaki ukingoni nikiwatazama wakishuka ng'ambo na kupotea kwenye mashamba mmoja mmoja, na sikuwa tena na sauti yoyote ya kuwaita.